Kahawa Tuliijengea Stoo, Nguo Tunazinyima Chumba

Kuna kauli iliyokomaa Mwika na vijiji vingine vya Vunjo kiasi kwamba haipati tena wa kuipinga: chumba cha nguo ni anasa ya watu wa Masaki na Oysterbay, na anayekiweka kwenye ramani ya nyumba ya kihambani, yaani ya kwenye shamba la ukoo, ana pesa za kuchezea. Utaisikia kwa fundi anapokabidhiwa ramani. Utaisikia kwa mama mkwe. Utaisikia kwenye kikao cha ukoo, pale kijana anayeishi Dar es Salaam anapoonyesha mchoro wa nyumba anayotaka kujenga nyumbani. Kabati linatosha, wanasema, na wazee wetu waliishi bila hata hilo kabati na hawakutembea uchi.

Naipinga kauli hiyo, na naipinga zaidi kwa ajili ya nyumba ndogo kuliko kubwa. Kwa hali ya hewa ya huku juu, kwa wingi wa nguo tulizo nazo na kwa jinsi tunavyoishi, sehemu maalumu ya nguo ambamo mtu anaingia, anasimama, anachagua na kutoka ina haki ya kuwekwa kwenye ramani kabla ya baa ya sebuleni na kabla ya seti ya tatu ya makochi. Dar es Salaam mtu anaweza kuikosa na maisha yakaendelea. Mwika tukiikosa, nguo zinaoza.

Nianze na unyevu, maana hapo ndipo watetezi wa kabati wasipogusa kabisa. Mwika imekaa upande wa kusini mashariki wa Kilimanjaro, upande unaopokea upepo wenye mvua kutoka Bahari ya Hindi. Masika yanaingia Machi na kutoka Mei, na yakitoka sisi hatupati jua kali kama wenzetu wa Himo na Holili kule tambarare. Tunaingia Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi ambayo mawingu yanaweza kukaa juu ya migomba mpaka mchana. Kisha vuli inakuja kuufunga mwaka. Sehemu kubwa ya mwaka ukuta wa nyumba una baridi na hewa ya ndani imebeba maji, na hewa ya namna hiyo ikigusa ukuta wa baridi, maji hubaki ukutani. Ukungu hauhitaji zaidi ya hapo. Hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 70 au 80 kwa muda mrefu, kitambaa au ngozi ya kulia, na mahali ambapo upepo haupiti.

Sasa tazama kabati letu. Limesukumwa mpaka likagusa ukuta wa nje. Mgongo wake ni plaiwudi nyembamba. Miguu yake iko juu ya saruji. Milango minne imefungwa wiki nzima, ndani nguo zimebanana mpaka mkono haupenyi, na juu yake yamepangwa masanduku mpaka darini. Mtu akiambiwa atengeneze mahali pa kuoteshea ukungu, hapo hapana cha kuongeza. Suti ya harusi inatolewa baada ya miaka miwili ikiwa na madoa ya kijivu mabegani. Viatu vya ngozi vimeota utando wa kijani. Kitenge cha bei kina harufu ambayo kufua mara mbili hakuiondoi. Halafu tunalaumu kitambaa, tunalaumu Mchina, tunalaumu sabuni. Ukuta na kabati havitajwi.

Wazee wetu, wanaoitwa kila mara kuwa mashahidi wa upande ule, walikuwa na jibu lao. Msonge wa Kichagga ulikuwa na moto ndani, na juu ya moto kulikuwa na dari ya kuwekea kuni na chakula ili joto na moshi vivikaushe. Ng'ombe na mbuzi walilala humohumo, na joto lao liliongezeka kwenye lile la moto. Tulipohamia nyumba za matofali na bati tuliutoa moto tukaupeleka jiko la nje, na ilikuwa heri kubwa kwa macho na mapafu ya mama zetu. Lakini tuliutoa bila kuweka kitu kingine cha kufanya ile kazi yake ya kukausha. Anayesema wazee waliishi bila chumba cha nguo anasahau kwamba nyumba yao yote ilikuwa inakausha, usiku na mchana.

Na kuna ushahidi wa karibu zaidi, ambao unanifanya niamini kwamba tatizo letu halikutokana na kutojua. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na kwa zaidi ya nusu karne kahawa ndiyo iliyosomesha watoto, ikalipa mahari na kuezeka bati. Nyumba nyingi za zamani zinazoonekana bado kando ya barabara ya kwenda Rombo zilisimamishwa na pesa yake. Ndani ya nyumba hizo kulikuwa na chumba ambacho watoto hawakuruhusiwa kuchezea: stoo. Kahawa ya maganda ikishakauka kwenye vichanja iliingizwa humo kusubiri kupelekwa chama cha msingi. Magunia hayakulazwa kwenye sakafu, yalipandishwa juu ya mbao ili hewa ipite chini yake. Hayakuegemezwa ukutani. Tundu la hewa lilikuwa juu, karibu na bati. Mkulima alijua kwamba kahawa ikinyonya unyevu inaharibika na kushuka daraja, na daraja ndiyo ada ya shule. Alijenga kwa kufuata ujuzi huo, bila mhandisi.

Basi elimu yote ninayoitetea hapa ilikuwa mikononi mwetu. Tulijua kuinua kitu kisiguse saruji, kukitenga na ukuta wa nje, kukipitishia hewa na kukitafutia chumba chake. Mgao wa soko la kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, watu wengi wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Stoo zikabaki. Leo ndani yake utakuta jembe lililovunjika mpini, ndoo zilizotoboka na tairi la baiskeli, wakati shuka za harusi za mama mwenye nyumba zimo ndani ya begi la shangazi kaja chini ya kitanda, sakafuni.

Watasema nguo zetu ni chache, hazina haja ya chumba. Hilo lilikuwa kweli mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipokuwa adimu nchi nzima na watu wakipanga foleni kwa doti moja ya khanga. Katikati ya miaka hiyo biashara ikafunguliwa, mitumba ikamiminika, na haijarudi nyuma. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha na kuazimia kuipunguza hatua kwa hatua mpaka iishe. Rwanda ikasimama na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo zake huko chini ya mpango wa AGOA. Wengine wakalegeza. Ukishuka leo Moshi mjini soko la Memorial utaona jinsi azimio lile lilivyoishia.

Tena hesabu nguo ambazo mtu wa Mwika hana ruhusa ya kutokuwa nazo. Sare ya kwaya. Kitenge cha sendofu ya mtoto wa shangazi, na kitenge kingine cha harusi yake, kwa sababu kamati imeamua rangi mbili. Nguo ya kipaimara. Suti ya ibada. Nguo nyeusi ya msiba, ambayo haitabiri siku yake na inatakiwa iwe safi na imenyooka saa yoyote simu ikipigwa. Masweta, makoti ya mvua, mabuti ya shamba, blanketi nzito ambazo mtu wa Tanga hazihitaji kabisa. Sare mbilimbili za kila mwanafunzi. Nyumba ya watu sita Mwika ina shehena kubwa ya nguo kuliko nyumba ya watu sita pwani, kwa sababu ya baridi tu, kabla hatujafika kwenye sherehe. Mtu anayesema nguo ni chache hajawahi kuwa yeye anayezikunja.

Hapa lazima nikubaliane na wapinzani wangu katika jambo moja, na nikubali bila kinyongo. Chumba cha nguo kinachouzwa kwenye ramani za simu ni kibaya, na wakikicheka wana haki. Mnakijua. Unaingia chumba cha masta, unafungua mlango, unapita katikati ya rafu mbili ndefu zenye taa zilizofichwa kwenye jipsamu, na mwisho wa njia ndipo kilipo choo na bafu. Dirisha hakuna, maana chumba kimekaa katikati ya nyumba. Rafu ni za MDF. Asubuhi mtu anaoga maji ya hita, anafungua mlango wa bafu, na mvuke wote unaingia kwenye nguo zake. Ramani ya namna hiyo imekusudiwa nyumba yenye mashine ya kuvuta hewa inayofanya kazi kila siku, au nchi ambayo nyumba hupashwa joto miezi sita. Ukiileta Mwika, masika machache tu yanatosha kuivimbisha MDF kwenye kingo, na ukungu unaanzia nyuma ya rafu ya chini, kwenye kona usiyoiona.

Aliyejenga hivyo akaharibikiwa ndiye anayewapa wapinzani wangu silaha. Wanamtaja: fulani alijenga, ona, zimeoza. Nami nawaambia kilichomwangusha ni dirisha ambalo halikuwepo na bafu lililowekwa mahali pasipofaa. Kosa la ramani moja haliwezi kuwa hukumu ya chumba chenyewe, maana hakuna aliyekataa jiko kwa sababu jirani alijenga jiko lisilo na bomba la moshi.

Chumba chenyewe, kikipangwa kwa ajili ya huku, ni kidogo na cha kawaida kuliko watu wanavyodhani. Fundi wetu anapima kwa futi, nami nitapima naye. Nguo ikitundikwa kwenye henga inataka kina cha futi mbili. Mtu asimame, ageuke, ainame kuchukua kiatu, anataka futi tatu. Basi ukitundika upande mmoja, upana wa futi tano unatosha, na ukitundika pande mbili ni futi saba. Urefu wa futi nane unawatosha wanandoa na blanketi zao. Gauni refu na kanzu zinataka bomba lililo futi tano na nusu kutoka sakafuni. Mashati na suruali zilizokunjwa zinakaa kwenye mabomba mawili, moja juu ya jingine, la chini futi tatu na robo, la juu futi sita na nusu. Rafu za nguo za kukunja hazihitaji kuzidi kina cha futi moja na inchi mbili, kwa sababu zikizidi, nguo za nyuma zinasahaulika na ndizo zinazoota ukungu wa kwanza. Rafu ya chini kabisa ipande nusu futi juu ya saruji. Kati ya rafu na ukuta wowote wa nje achia inchi mbili. Ni masharti yaleyale ya gunia la kahawa.

Upande wa nyumba nao si wa kubahatisha. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Septemba jua letu la mchana hupita upande wa kaskazini, na hicho ndicho kipindi cha masika na baridi, kipindi ambacho nguo zinaumia. Kuta za kaskazini na mashariki ndizo zinazopata joto wakati huo, hasa jua la asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Ukuta unaotazama kusini mashariki unapigwa na mvua ya upepo. Kwa hiyo chumba cha nguo kikae kaskazini au mashariki, kipewe dirisha la juu lenye wavu, hata likiwa la futi mbili kwa moja na nusu, na tundu jingine la hewa upande wa pili juu ya mlango ili upepo uingie na kutoka. Mlango uwe wa luva, au ukatwe chini. Chini ya dirisha liwekwe bomba fupi la nguo ambazo hazijakauka sawasawa, maana wakati wa masika hakuna nyumba ya Mwika inayokausha nguo kamili siku moja, na shati moja bichi likikunjwa kati ya makavu linayaambukiza yote.

Kuhusu mbao niseme machache. Paini iliyokauka vizuri inafaa, na mgrevilea tulioupanda wenyewe kwenye kahawa unafaa ukikaushwa kwa subira. Wapo bado wanaotamani mkulo kwa ile harufu yake ya kafuri inayofukuza wadudu. Uvunaji kwenye msitu wa asili wa mlima ulipigwa marufuku mwaka 1984, na tangu 2005 msitu huo umo ndani ya hifadhi ya taifa. Anayekuletea ubao wa mkulo uliokatwa juzi anakuletea maji ya mifereji yetu yaliyokatwa shina. Mwache aondoke nao.

Na vile vidonge vyeupe vya nafthalini tunavyotupa kabatini, navyo ni matunda ya kukosa chumba chenye hewa. Tunaziba harufu ya unyevu kwa harufu nyingine. Mvuke wake unaingia kwenye nguo na shali za mtoto mchanga, na mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ulio mwingi katika jamii zilizoishi na malaria kwa vizazi, anaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu kwa sababu hiyo. Hapa sitanii wala sikuzi. Mama akikuuliza aweke nini kwenye nguo za mjukuu, mwambie aweke hewa.

Sasa nyumba zenyewe, maana hazifanani. Ninaposikia chumba cha nguo kikizungumzwa kana kwamba ni cha masta peke yake, naona tumeazima ramani pamoja na maisha ya mwenye ramani. Nyumba ya zamani ya kahawa ina vyumba vinne au vitano vya futi kumi kwa kumi. Watoto wameondoka, wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza. Vyumba vyao vimetandikwa vinasubiri Desemba. Wazazi wawili wamebaki, pengine na mjukuu na binti wa kazi. Katika nyumba hiyo chumba kimoja kinatosha kuwa cha nguo cha nyumba nzima. Rafu ya baba, rafu ya mama, rafu ya wajukuu, bomba la suti na magauni ya sherehe, sehemu ya blanketi za wageni. Kila mtu abaki na droo yake ya nguo za ndani chumbani kwake, kwa sababu kuna mambo mkwe haonyeshwi. Makabati yote mengine yanatoka kwenye kuta, vyumba vinapumua, na mtu wa miaka 70 hapandi tena juu ya stuli kushusha sanduku. Chochote anachokivaa kila wiki kiwe kati ya goti lake na bega lake.

Kama stoo ya kahawa bado ipo, hata chumba cha kulala hakiguswi. Safisha stoo, zibua tundu la hewa lililozibwa enzi za wizi wa kahawa, piga chokaa, weka rafu.

Ipo nyumba ya pili, ile kubwa ya vyumba vitano au sita iliyojengwa na mtoto aliyefanikiwa, inayofunguliwa Krismasi na kufungwa Januari. Hapo nina ugomvi mkubwa zaidi na kauli ya kabati. Nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja, madirisha ya aluminiamu yamebanwa na mapazia yameshushwa, ni mahali pabaya kuliko pote pa kuachia nguo, na humo ndimo tunaachia suti, shuka za wageni na magodoro. Mwezi wa kumi na mbili ukoo unafika, watu wanalala mpaka koridoni, na blanketi zinatolewa zikiwa na harufu. Nyumba hii inahitaji chumba cha nguo na matandiko chenye matundu ya hewa yasiyofungwa mwaka mzima, kinachojitegemea, ambacho mlinzi au jirani anaweza kupewa ufunguo wake bila kupewa ufunguo wa nyumba nzima, akifungue kukipepea siku za jua. Watu wanaojenga hivyo vyumba sita vya kulala wangefanya vitano, cha sita kikawa hiki, na Desemba wageni wangelala vizuri zaidi kwenye vitano vyenye matandiko makavu.

Aliyepanga chumba kimoja hana la kubomoa. Mwanafunzi wa chuo, mwalimu mgeni, kijana anayefanya kazi Moshi mjini: hao wanafanya kwa kona. Bomba moja kati ya kuta mbili, pazia mbele, rafu ya viatu iliyoinuliwa, futi mbili za kina. Moshi mjini kuko chini, kuna joto, na vumbi linasumbua kuliko ukungu, kwa hiyo pazia lifike chini. Kwa hawa nakubali kabati linaweza kufaa, mradi lisogezwe lisiguse ukuta.

Inabaki hoja ya ardhi na ya pesa, ambazo naziheshimu kwa kuwa zina uzito. Kihamba ni kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikadiria wastani wa hekta 0.68 kwa kaya, na tangu hapo tumegawana tena na tena. Lakini chumba cha nguo hakidai kihamba. Kinadai sebule. Sebule ya futi 20 kwa 18 ukiipunguza ikawa 17 kwa 18 umepata futi za mraba 54, karibu sawa na zile 56 za chumba cha futi saba kwa nane. Hakuna mgogoro wa masale ya mpaka wala wa mgomba. Tumezoea kumjengea mgeni nafasi kubwa kuliko yetu, naye anakaa saa mbili akanywa mbege akaondoka. Kumpunguzia mgeni futi tatu si kumvunjia heshima.

Pesa nayo ihesabiwe yote. Ukuta mmoja wa ndani una gharama, sikatai. Lakini rafu za chumba cha nguo hazina milango, hazina mgongo, hazina vioo wala nakshi, na mabomba ya kutundikia yanauzwa duka la vifaa. Nyumba ya vyumba vinne inayonunua makabati manne ya milango mingi imetumia mbao nyingi kuliko chumba kimoja kinachobeba nguo za wote. Na nguo zilizooza ni pesa pia, ingawa hatuziandiki popote. Kitenge cha sare, mshono wake na suti moja vikitupwa kila baada ya masika mawili, ndani ya miaka kumi ukuta umejilipa.

Kuna wanaoshikilia kabati kwa sababu linaweza kuhamishwa, kugawiwa, kupewa binti anapoolewa. Ni hoja ya huruma na naielewa. Hata hivyo nyumba ya wazazi kwa desturi yetu ina mrithi anayejulikana, kitinda mimba, na chumba kitabaki naye kama kinavyobaki kisima na mfereji. Binti apewe kabati kama zawadi, hakuna anayemzuia. Akifika kwake alisimamishe mbali na ukuta.

Lililonisukuma kuandika haya ni mama zetu. Kwa miaka mingi mazungumzo ya nyumba ya kijijini yamekuwa ya wanaume na watoto wanaotuma pesa, wakibishana kuhusu rangi ya bati, idadi ya vyumba na urefu wa geti. Anayefua, anayeanika, anayekimbiza nguo wingu likishuka, anayekunja, anayenusa, anayeanika tena, haulizwi. Ukimuuliza hatasema anataka chumba cha nguo, kwa sababu ameshaambiwa ni cha matajiri. Ila muulize nguo yake nzuri kuliko zote iko wapi, kisha mwende mkaitazame pamoja. Mtoto anayejenga nyumba ya vigae kwa mama yake na kumwacha na begi chini ya kitanda hajammalizia nyumba.

Wanaojenga mwaka huu bado wana nafasi, na nafasi hiyo ina mwisho wake. Chumba kikishapandishwa mpaka linta bila dirisha, kulifungua baadaye ni kukata matofali, kupiga plasta upya na kugombana juu ya nani analipa, kwa hiyo watu huamua liachwe. Ramani iletwe mezani mapema, kaskazini ionyeshwe kwa dira ya simu, bafu lihamishiwe upande mwingine wa chumba, nailoni ya kuzuia maji kupanda ukutani itandazwe kwenye msingi bila kurukwa. Na fundi akisema chumba cha nguo hakihitaji dirisha kwa kuwa hakuna atakayelala humo, asimamishe ukuta pale ulipofika mpaka dirisha lipimwe na kuandikwa kwenye ramani.